Saa Nane na Robo Iliyosomwa Saa Tisa: Uchambuzi wa Kisa cha Saa ya Mkono Gizani

Usuli

Kisa hiki kinahusu boti moja ya wavuvi wanne wa omena, yaani dagaa wa ziwani, upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria. Majina, ufuo na tarehe vimeondolewa. Vipimo vya saa vimeachwa jinsi vilivyopatikana kwenye meza ya fundi, maana bila vipimo kisa chenyewe hakifundishi kitu.

Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo angani, kwa kuwa taa ndiyo chambo. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED za betri zinazofungwa juu ya maboya. Taa huachwa majini zikivuta wadudu na omena, boti husogea kando na kungoja, kisha wavu huzungushwa taa moja baada ya nyingine. Boti hii ilikuwa na desturi ya kungoja dakika 90. Wavu ukitiwa kabla ya hapo, omena hawajakusanyika. Ukicheleweshwa, betri zinaisha nguvu na taa zinafifia kabla ya duru ya pili.

Mwenye kushika muda alikuwa nahodha, mtu wa miaka 50 na ushei. Simu haikuwa msaada: ilizimwa na kufungiwa ndani ya mkebe wenye kifuniko ili isilowe, na mkono wenye maji na magamba hauwezi kuamrisha kioo cha kugusa. Kilichobaki ni saa ya mkono: saa ya Kijapani ya mtumba, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, uso mweusi, mtindo wa saa za wapiga mbizi, yenye rangi ya kung'aa gizani kwenye mishale na alama. Nahodha aliichagua kwa ajili ya rangi hiyo, na kwa miaka kadhaa haikumwangusha.

Usiku wenyewe

Taa ziliachwa majini saa saba na dakika 40. Wavu ulipaswa kutiwa saa tisa na dakika 10. Nahodha alikuwa amevaa koti la mvua tangu magharibi, na mkono wa koti ulifunika saa muda wote huo.

Alipofunua, aliona vijiti viwili vya kijani hafifu, urefu karibu sawa, kimoja kikielekea kwenye 2 na kingine kwenye 3. Akasoma saa tisa na dakika 11, akawaamsha wenzake. Taa ya kwanza ilitoa omena wachache, ya pili vivyo hivyo. Walipomaliza kuvuta, beseni mbili hazikujaa. Nahodha aliyekuwa akitazamia kukaribia saa kumi aliwasha simu, nayo ikaonyesha saa nane na dakika 52.

Saa ilikuwa sahihi. Alipoitazama ilikuwa saa nane na robo. Wavu ulitiwa baada ya dakika 35 badala ya 90.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na inafaa kuchukua penseli na kuchora. Saa nane na robo, mshale wa saa uko nyuzi 67.5 kutoka juu, na mshale wa dakika uko nyuzi 90. Saa tisa na dakika 11, mshale wa saa uko nyuzi 95.5 na wa dakika uko nyuzi 66. Ukiificha tofauti ya mishale na kubakiza pande inakoelekea tu, nyakati hizo mbili zinatofautiana kwa nyuzi 1.5 upande mmoja na 5.5 upande wa pili. Ni picha moja. Kinachotenganisha dakika 56 ni jibu la swali dogo tu: mshale upi ni upi? Na hii si jozi pekee. Katika mzunguko mmoja wa uso wa saa zipo jozi nyingi za namna hii.

Fundi wa kwanza

Nahodha alidhani saa inakimbia. Fundi wa kibanda aliipima siku nzima, akaona mwendo uko sawa, kisha akagundua rangi imefifia. Uamuzi wake wa kupaka upya haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwenye vitu alivyotumia na namna alivyopima.

Alinunua unga wa kung'aa wa mapambo, akauchanganya na gundi nyeupe ya maji, ile ya karatasi na mbao, akaupaka juu ya mishale kwa kijiti cha kiberiti. Kisha akaimulika saa kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, akaifunika kwa viganja viwili, akampa mwenyewe achungulie. Iliwaka kama kimulimuli. Nahodha alilipa na kuondoka ameridhika.

Usiku wa tatu ilikuwa haisomeki kuanzia saa saba. Baada ya wiki mbili saa ilisimama kabisa: kipande cha rangi kilikuwa kimebanduka na kujikaza kati ya mshale wa saa na wa dakika.

Uchunguzi mezani

Fundi wa pili aliifungua saa chini ya lenzi ya mara 10 kabla ya kugusa chochote. Alichokiona ni hiki.

Rangi ya awali kwenye mshale wa dakika ilikuwa imebanduka kuanzia ncha. Dirisha la mshale, yaani uwazi unaojazwa rangi, lina urefu wa milimita 12, lakini rangi iliyobaki ilikuwa milimita 7.5, yote upande wa katikati. Mshale wa saa ulikuwa na milimita 7. Upana wa rangi ulikuwa milimita 1.3 kwa dakika na 1.6 kwa saa. Mchana mishale ilitofautiana vizuri, kwa kuwa chuma chenyewe kilionekana. Gizani chuma hakipo. Iko rangi tu. Na kwa rangi, ilikuwa mishale miwili ya urefu mmoja.

Mpira wa kuzuia maji wa kifuniko cha nyuma ulikuwa umelala bapa na kukauka. Ndani ya kioo palikuwa na alama ya ukungu uliokauka. Rangi ya ziada ya fundi wa kwanza ilikuwa imegeuka kijivu na kuwa kama chokaa iliyolowa.

Hilo la mwisho lina sababu ya kikemia. Unga wa siku hizi ni strontiamu aluminati iliyotiwa chembe za yuropiamu na disprosiamu. Ulienea kwenye saa baada ya kampuni ya Nemoto ya Japani kuuleta mwaka 1993, ukachukua nafasi ya salfidi ya zinki ambayo mwanga wake ulikuwa ukiisha upesi. Ni unga wenye nguvu ajabu, lakini adui yake ni maji. Chembe zisizofunikwa zikikutana na maji huvunjika na kupoteza mwanga. Kuchanganya unga huo na gundi ya maji ni kuuua siku ile ile unayoupaka, hata kama utaendelea kuwaka kwa siku chache. Na unyevu uliokuwa ukipenya kwenye mpira mbovu ulikuwa ukimaliza rangi ya awali kwa njia hiyo hiyo, polepole.

Kabla ya kusafisha, fundi alifanya jaribio ambalo lingepaswa kuwa la kwanza tangu mwanzo. Aliimulika saa dakika 10 chini ya taa nyeupe ya meza, akaiweka kwenye kasha la giza. Baada ya saa nne aliingia stoo isiyo na dirisha, akakaa nusu saa ili macho yazoee giza, kisha akaisoma. Msaidizi alikuwa ameigeuza kwenye nyakati ambazo msomaji hakuambiwa. Makosa yote yaliyopatikana yalikuwa ya aina moja: mishale kubadilishana majina.

Jicho na rangi: kwa nini mwanga wa dakika ya kwanza hudanganya

Mwanga wa strontiamu aluminati haushuki kwa mwendo mmoja. Huporomoka mwanzoni, kisha hushuka taratibu kwa saa nyingi. Kwa makadirio yanayofaa kazi ya fundi, baada ya dakika za mwanzo kila muda ukizidi maradufu, mwanga hupungua nusu. Kutoka dakika ya 10 hadi saa ya nane ni mara 48, basi mwanga unabaki karibu sehemu moja ya 48. Saa iliyofunikwa na koti tangu saa kumi na mbili jioni ilikuwa imefikia hapo ilipotazamwa saa nane na robo. Mwanga wa kibandani chini ya viganja ni wa sekunde za mwanzo, hauhusiani na huo.

Viwanda vya rangi hizi huhesabu muda mpaka mwanga ushuke kufikia takriban milikandela 0.3 kwa mita ya mraba, kipimo cha ukali wa mwanga. Kiwango hicho bado ni kama mara 100 ya mwanga mdogo kabisa ambao jicho lililozoea giza linauhisi. Ndiyo maana matangazo husema saa inawaka usiku kucha, na si uongo. Lakini kuhisi mwanga si kusoma saa.

Jicho gizani hutumia seli tofauti na za mchana. Seli za mchana hufikia kikomo chao cha kuzoea giza kwa dakika 10 hivi. Za usiku huhitaji dakika 30 hadi 40 kukamilika, na mmuliko mmoja wa taa kali hurudisha kazi nyuma. Seli hizo za usiku huona mwanga hafifu, ila huona kwa ukungu. Uwezo wao wa kutenganisha vitu ni karibu sehemu ya kumi ya uwezo wa mchana. Kwa hesabu, kitu kilicho sentimita 25 kutoka jichoni kinahitaji kutofautiana na jirani yake kwa takriban milimita 0.7 ndipo jicho lione kuwa ni viwili. Kikiwa sentimita 50, ni milimita 1.45.

Sasa rudi kwa nahodha. Kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, kinataka saa isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Mtu wa zaidi ya miaka 50 asiye na miwani kwa kawaida haoni vizuri sentimita 25 hata mchana, hunyoosha mkono. Usiku mboni hupanuka na ukungu huongezeka. Nahodha alikuwa akisoma kwa sentimita 50 au zaidi. Tofauti ya upana wa mishale yake ilikuwa milimita 0.3. Tofauti ya urefu, nusu milimita. Zote ziko chini kabisa ya milimita 1.45. Hata zile nyuzi 5.5 ambazo zingemfunulia kosa, kwenye ncha ya mshale wa milimita 12 ni milimita 1.15 tu. Hakuwa mzembe. Alikuwa akiulizwa kuona kitu kisichoonekana.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: katikati kabisa ya jicho, mahali tunapotumia kusoma, hakuna seli za usiku. Ukikodolea mshale hafifu moja kwa moja, unayeyuka. Ukitazama pembeni kidogo mwa saa, unarudi.

Maamuzi na sababu zake

Njia nne zilizungumzwa.

Ya kwanza ilikuwa saa yenye mirija midogo ya kioo iliyojazwa gesi ya tritiamu. Hiyo haihitaji kumulikwa. Inawaka yenyewe, jioni na alfajiri sawa, na hupungua nusu kwa miaka 12.3. Kwa kazi ya kungoja gizani na koti juu ya mkono, ndiyo bora kuliko zote, na kisa hiki hakina haja ya kuficha hilo. Ilikataliwa kwa bei, na kwa kuwa mrija ukivunjika hakuna wa kuubadilisha karibu.

Ya pili ilikuwa saa ya tarakimu yenye kitufe cha taa. Ni rahisi, na kwa mlinzi wa getini au dereva inatosha bila maneno mengi. Kwenye boti inataka mkono wa pili, na mkono wa pili umeshika kamba. Iliamuliwa inunuliwe moja, ifungwe kwenye ubao wa ndani wa boti kama saa ya akiba.

Ya tatu ililetwa na nahodha mwenyewe. Alikuwa na saa ya marehemu babu yake, ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye mishale mipana iliyojaa rangi nene. "Fundi, si utoe hii mishale uweke huku?" Fundi alitazama kupitia kioo bila kufungua. Rangi ilikuwa kahawia iliyopasuka, haikuwaka hata baada ya jua kali, na kwenye uso wa saa palikuwa na kivuli kilichoungua pale mishale ilipokuwa imetulia miaka mingi. Hizo ni dalili za rangi ya radiamu, iliyotumika hadi miaka ya 1960. Kutowaka kwake si usalama. Kilichochoka ni unga wa zinki uliokuwa ukitoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Ikikwanguliwa huwa vumbi, na vumbi hilo likiingia mwilini hukaa kwenye mifupa. Wasichana waliopaka saa za radiamu huko Orange, New Jersey, walikuwa wakichonga brashi kwa midomo. Waliougua waliishtaki kampuni na kesi ikamalizwa kwa maridhiano mwaka 1928, wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Uamuzi ulikuwa saa ya babu isifunguliwe wala kukwanguliwa wala kuvaliwa. Ilitiwa kwenye mkebe unaofunga vizuri, iwekwe mbali na chumba cha kulala na watoto, na nahodha akaelekezwa kwa KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia nchini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Alikubali, ingawa kwa shingo upande. Ni kumbukumbu ya babu. Fundi yeyote anayepokea saa kuukuu anapaswa kuitambua rangi hii kabla ya kushika bisibisi.

Ya nne, iliyochukuliwa, ilikuwa kupaka upya kwa vifaa vinavyofaa, na muhimu zaidi, kubadilisha *umbo* la mishale. Mshale wa saa ungetolewa na kuwekwa mwingine mpana kutoka sanduku la vipuri, wenye dirisha la milimita 3. Dhidi ya milimita 1.3 ya dakika, tofauti ni 1.7, inayozidi kikomo cha jicho la nahodha kwa sentimita 50. Mshale wa dakika ungejazwa hadi ncha, milimita 12 kamili. Mshale wa sekunde ungewekwa nukta moja, ili mtu ajue saa haijasimama. Kijani kilichaguliwa badala ya buluu. Seli za usiku huona vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 507, na rangi zote mbili ziko jirani na hapo, lakini unga wa kijani hutoa mwanga mwingi zaidi.

Kazi yenyewe

Mishale ilitolewa kwa nyenzo mbili, karatasi ya plastiki ikiwa imetandazwa juu ya uso wa saa. Rangi ya zamani ililoweshwa na kusukumwa nje kwa kijiti cha mti, siyo chuma. Mpira wa nyuma na wa kitufe cha pembeni ilibadilishwa na kupakwa grisi ya silikoni.

Unga ulikuwa wa chembe zilizofunikwa dhidi ya maji. Ulichanganywa na vanishi safi ya saa, kipimo kimoja kwa kimoja, kwenye kioo, kwa kukoroga taratibu. Usiusage. Chembe kubwa ndizo zenye mwanga. Ukizisaga upate ulaini, unapata rangi nzuri isiyowaka. Mchanganyiko ufikie uzito wa asali inayotiririka. Ukiwa mwepesi unapita dirishani na kuanguka. Ukiwa mzito unaacha mapovu.

Mshale hushikwa kifudifudi na kujazwa kutoka nyuma. Tone linavutwa kwa ncha ya sindano kutoka upande mmoja wa dirisha hadi mwingine, nalo hujishikilia lenyewe kingo kwa kingo kama utando wa maji ya sabuni. Ukilirudia likiwa linakauka, linapasuka. Kisha mishale hufunikwa kwa glasi iliyopinduliwa kwa saa 24.

Hapa fundi alikosea mara moja. Aliongeza safu ya pili kwenye mshale wa dakika ili uwake zaidi. Saa ilipofungwa, mshale wa sekunde uligusa uvimbe ule kila ulipopita na kusimama. Nafasi kati ya mishale ni sehemu ndogo ya milimita, na ndiyo inayoamua unene wa rangi, si hamu ya mwanga. Safu ilitolewa, kazi ikaanza upya. Ndiyo sababu mishale hufungwa yote ikiwa kwenye 12, kisha huzungushwa mzunguko mzima wa saa 12 ikitazamwa kutoka pembeni kabla ya kufunika.

Mwisho ulikuwa upimaji wa unyevu: saa ilipashwa hadi nyuzi joto 40 hivi, tone la maji baridi likawekwa juu ya kioo kwa dakika moja, likafutwa. Ukungu ungeonekana ndani, kazi ingerudi mwanzo. Haukuonekana.

Matokeo

Katika jaribio la stoo, baada ya saa nne, makosa ya kubadilisha mishale yalitoweka. Baada ya saa nane mishale ilisomeka, lakini kwa kutazama pembeni na kwa kungoja macho kidogo.

Ziwani mambo yalihitaji mazoea mapya, na haya ndiyo yaliyochukua muda kuzoeleka. Kabla ya kushusha taa majini, nahodha huifunua saa na kuiweka karibu na taa ya LED dakika tatu. Taa hizo zina mwanga mwingi wa buluu, ambao ndio unaoijaza rangi. Akiwa anashika taa hufumba jicho moja, na jicho hilo ndilo litakalosoma saa baadaye. Kurunzi ya kutazamia nyavu imefungwa karatasi nyekundu: nyekundu haiharibu sana uwezo wa usiku wa jicho, japo haiwezi kuijaza saa. Na mkono wa koti unakunjwa mara moja.

Katika giza la mwezi lililofuata boti ilitia nyavu kwa wakati. Saa ya akiba ya tarakimu iliulizwa mara mbili, zote mbili ikakubaliana na mishale.

Uchambuzi

Kilichofanikisha kazi zaidi ni upana wa mshale wa saa. Rangi mpya peke yake ingerudisha tofauti ya urefu tu. Siku itakapobanduka, mishale ingefanana tena. Mafundi wengi huuziwa wazo kwamba mwanga mwingi ndio usomaji. Mwanga huisha kila usiku, umbo haliishi.

Lililokosewa mapema ni upimaji. Fundi wa kwanza angeiacha saa gizani saa nne tu, angeona ubovu wa kazi yake bila kumgharimu mteja safari mbili. Taa ya kukagulia noti ni nzuri kwa kujaza rangi haraka na kutazama kama kuna mapengo. Si kipimo cha usomaji, na kuitumia kumwonyesha mteja ni kumwonyesha kitu ambacho hatakiona tena.

Swali la kwanza kwa mteja pia halikuulizwa na yeyote mpaka kazi ikafika mbali: unasoma kwa umbali gani, na unatoka kutazama nini? Umri wa macho ya nahodha na taa za LED zilikuwa na uzito sawa na rangi iliyobanduka. Miwani ya kusomea yenye kamba shingoni ingepunguza kosa kwa gharama ndogo kuliko yote yaliyofanywa, na ilishauriwa mwishoni badala ya mwanzoni.

Liko jambo la lugha ambalo vitabu vya mafundi wa nje haviwezi kulitaja. Anayehesabu saa kwa Kiswahili akiona 2 hutamka nane, akiona 3 hutamka tisa. Hasomi tarakimu, anasoma mahali. Kwa hiyo saa yenye tarakimu kubwa zinazowaka haimsaidii sana. Humwongezea mwanga uliotawanyika unaofanya mishale ipotee katikati yake. Kinachomfaa ni alama moja ya juu isiyofanana na nyingine, pembetatu au vijiti viwili, ili ajue saa sita iko wapi hata mkono ukiwa umepinda, halafu vitone vyembamba kwingine kote.

Saa hii inayo pembetatu, lakini rangi yake ni ya zamani na haikuguswa. Kuipaka kunataka kutoa uso wa saa wote, kuweka msingi mweupe chini ili mwanga usimezwe na weusi, na kuhatarisha maandishi yaliyochapwa pembeni. Iliahirishwa hadi msimu uvuvi wa omena utakapofungwa, saa itakapokuwa haina kazi. Mpaka hapo, maelekezo aliyopewa nahodha ni kuishika saa kitufe cha pembeni kikiwa upande wa vidole, akihisi kwa kidole gumba cha mkono wa pili mahali kilipo, kabla ya kuamini juu ni wapi.